Fulana Zinauzwa

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Taifa la Galicia, wafuasi wa Bloque Nacionalista Galego, kwa kifupi BNG, chama cha wazalendo wa Galicia huko Hispania, hukusanyika kwenye bustani ya Alameda mjini Santiago de Compostela, huandamana hadi uwanja wa Quintana ubavuni mwa kanisa kuu, husikiliza hotuba juani, kisha kila mtu hushika njia yake. Ukiwa umelelewa na kampeni za kwetu Tanzania, macho yatatafuta vitu viwili: foleni ya pilau na mtu wa kugawa fulana. Pilau hakuna. Fulana zipo, zimekunjwa mezani, na zinauzwa. Nembo utakayoiona kila upande ni nyota nyekundu, ile ya bendera yao nyeupe yenye mkanda wa bluu.

Nyota hiyo inafurahisha na inaudhi. Inafurahisha kwa sababu nguo ya namna hiyo utaivaa miaka kumi bila kupitwa na uchaguzi. Inaudhi kwa sababu hapo hapo unaanza kuhesabu fulana zilizoko kabatini kwetu, zile zenye picha za watu waliokwisha kuhama chama, wengine wakahama tena.

Najua yanayokuja. "Kafika Ulaya juzi, leo anatufundisha siasa." Tulieni kidogo. Galicia siyo Ulaya ya kwenye kalenda. Ni kona ya kaskazini-magharibi ya Hispania, juu ya Ureno, watu wapatao milioni 2.7, nchi ya ng'ombe wa maziwa na boti za uvuvi, ambayo kwa zaidi ya karne nzima bidhaa yake kubwa ilikuwa watu wake: Havana, Buenos Aires, Montevideo, halafu Uswisi na Ujerumani. Walikwenda Argentina wengi mno hata leo pale Mhispania yeyote huitwa "gallego". Walichekwa lafudhi, lugha yao ikaitwa ya shambani, na chini ya Franco, dikteta wa Hispania, kujipanga kisiasa kwa jina la Galicia kulikuwa jinai. Kwa hiyo nikiwasifia, nasifia maskini wenzetu waliojipanga. Sijasema Mzungu ana akili kuliko sisi. Nimesema hawa jamaa waliandika karatasi ya kanuni zao kabla ya kutafuta mgombea. Ndilo jambo moja tu ninalolizungumzia, na nitalirudia mpaka mchoke.

Kwanza matokeo, maana bila matokeo hamsikilizi. Tarehe 18 Februari 2024 BNG ilipata viti 25 kati ya 75 vya bunge la Galicia, ikawa ya pili nyuma ya PP, wahafidhina, waliopata 40. Msimulie hayo mtu wa nyumbani, swali lake la kwanza ni hili: kiongozi wao nani, katokea wapi, ana hela? Kiongozi ni Ana Pontón, msemaji wa kitaifa tangu 2016. Lakini mwaka huo huo wa 2016, akiwa yeye yule, walipata viti 6. Mwaka 2020 vikawa 19, kisha 25. Sura ni ile ile toka viti 6 mpaka 25, kwa hiyo anayetafuta maelezo kwenye sura peke yake atatoka kapa.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, na tuanze na jinsi walivyoshindwa, kwa sababu walishindwa vizuri sana. Januari 1976, Franco hajamaliza miezi mitatu kaburini, vyama vya wazalendo wa Galicia viliunda baraza la pamoja. Ndani yake kulikuwa na UPG, wakomunisti wazalendo waliokuwapo tangu 1964, na PSG, wasoshalisti wa 1963, pamoja na wengine. Wakaandika misingi ya katiba ya taifa la Galicia: haki ya kujiamulia, serikali ya muda ya Galicia, na mapatano ya hiari na mataifa mengine ya Hispania. Karatasi nzuri. Haikuchukua muda mrefu, baraza lenyewe likavunjika. Mwaka 1977 kila mmoja akaenda kwenye uchaguzi na mfuko wake, wakarudi mikono mitupu. Mwaka 1979 wakaenda kambi mbili, kila kambi ikapata kama asilimia 5 au 6 ya kura za Galicia. Viti vya Madrid hugawanywa kwa mkoa, na Galicia ina mikoa minne: A Coruña, Lugo, Ourense na Pontevedra. Ukizigawa kura chache kwa mikoa minne, kisha ukazigawa tena kwa kambi mbili, jibu ni sifuri kila upande. Ndilo walilolipata.

Mwaka 1981, kwenye uchaguzi wa kwanza wa bunge la Galicia, walisimama pamoja wakapata viti 3 kati ya 71. Ndipo tarehe 25 na 26 Septemba 1982 walipokutana kwenye ukumbi wa michezo wa Riazor, mjini A Coruña, wakaunda BNG juu ya kanuni walizoziandika kwenye karatasi.

Hapa mtasema: ahaa, uchaguzi mkuu wa Hispania ulikuwa Oktoba 28 mwaka huo huo, kwa hiyo nao walikuwa wanatafuta viti kama sisi! Ni kweli, uchaguzi ulikuwa mwezi mmoja tu mbele. Walipata viti vingapi? Hata kimoja. Mwezi uliofuata, Novemba, wabunge wao wote watatu, Bautista Álvarez, Lois Diéguez na Claudio López Garrido, wakatolewa kwenye bunge la Galicia kwa kukataa kuapa utii kwa Katiba ya Hispania. Kwetu, muungano uliopata sifuri Oktoba na kupoteza vyote Novemba ungekuwa na maiti mbili kufikia Desemba: mmoja kahamia serikalini "kuunga mkono juhudi", mwingine kaenda mahakamani kugombea jengo la makao makuu. Hawa waliendelea. Na sababu za kuendelea zimo ndani ya zile kanuni, ndiyo maana nazichambua kwa kazi yake, siyo kwa uzuri wa maneno.

Ya kwanza inajulikana: Galicia ni taifa, na taifa lina haki ya kujiamulia. Wengi huishia hapo wakidhani ndiyo yote. Kanuni hiyo ndiyo iliyowatoa bungeni wale watatu, haikuwa pambo.

Ya pili ndiyo moyo wa mambo, na wenyewe huiita kujipanga kwa nguvu zao wenyewe. Maana yake kwa vitendo: chama hakina makao makuu Madrid, wala siyo tawi la chama cha Madrid. Uamuzi unaanzia Galicia na kuishia Galicia. Jina la mgombea wa Lugo haliwezi kukatwa na kikao kinachokaa kilomita mia tano kutoka Lugo. Sihitaji kuwaeleza kukatwa jina ni nini. Mtu anaongoza kura za maoni, anacheza ngoma usiku kucha, asubuhi orodha inarudi kutoka juu na jina la mshindi wa tatu. Kwao mlango huo ulifungwa kwenye msingi wa nyumba, kabla hawajaezeka.

Ya tatu, ni jukwaa la pamoja la matabaka: mkulima, mfanyakazi, mvuvi, mwalimu, mwenye duka. Maneno hayo yangekuwa hewa kama wasingekuwa wameshawahi kulala mashambani na watu. Februari 1977 wakulima wa As Encrobas, huko Cerceda, walisimama na miavuli yao mbele ya askari wa Guardia Civil ili ardhi yao isichukuliwe kwa ajili ya mgodi wa makaa. Wazalendo hawa walikuwa pale pamoja nao. Hadithi ya shamba, mgodi na askari haihitaji mkalimani kwetu. Tofauti ni kwamba kwao mapambano ya namna hiyo yaliacha chama cha wakulima chenye wanachama wanaolipa ada. Kwetu huacha picha mtandaoni na kesi.

Ya nne, kupinga ubeberu. Hispania ilikuwa imeingia NATO Mei 1982, miezi minne tu kabla ya Riazor, na mlango wa Jumuiya ya Ulaya ulikuwa unakaribia. Walipinga yote mawili. La Jumuiya halikuwa suala la ndoto: Galicia hutoa karibu asilimia 40 ya maziwa ya Hispania, na mwaka 1986 Hispania ilipoingia, mipaka ya kiasi cha maziwa anachoruhusiwa kutoa mfugaji ilikuja pamoja nayo, ikakaa mpaka 2015. Baadaye walilegea, wakaingia bunge la Ulaya mwaka 1999 na Camilo Nogueira na kukaa kundi moja na vyama vya mataifa yasiyo na dola. Hapa karatasi ilipinda, na wakali wao hawajasahau.

Na ya tano, ile inayosahaulika na ndiyo inayoshikilia paa: demokrasia ya mkutano. Unajiunga na BNG kama mtu, siyo kama chama. Ukitaka kuwa mwanachama wa UPG au kundi jingine ndani yake, ruksa, lakini kadi yako ya BNG ni yako na kura yako ni moja. Rasimu za sera hushuka matawini, tawi hupendekeza marekebisho, mkutano mkuu unayapigia kura. Baraza la kitaifa huchaguliwa kwa orodha zinazoshindana, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo aliyepata theluthi anaingia na theluthi yake badala ya kurudi nyumbani kununa.

Angalieni kazi ya kifungu hiki kimoja. Mwaka 1983 PSG, mmoja wa waasisi, ilitoka, na mwaka uliofuata ikaungana na Esquerda Galega, chama kingine cha mrengo wa kushoto. Lakini Xosé Manuel Beiras, mchumi na mtu mashuhuri kuliko wote wa PSG, alibaki pamoja na wenzake, kwa sababu walikuwa wanachama wa Bloque kama watu. Chama kiliondoka, watu wakabaki. Kwenye uchaguzi wa 1985 waliotoka walipata viti 3, waliobaki kiti 1, cha Beiras. Ungekuwa wewe ungebaki? Wao walibaki: 5 mwaka 1989, 13 mwaka 1993, 18 mwaka 1997. Na katikati ya safari hiyo, mwaka 1994, wale waliotoka wakabisha hodi wakaingizwa. Viti vya kwanza vya Madrid walivipata 1996, viwili, miaka 14 baada ya Riazor. Kwetu miaka 14 ni vyama vitatu na makatibu wakuu saba.

Sasa UKAWA, ule Umoja wa Katiba ya Wananchi wa vyama vyetu vya upinzani. Nimeizungushia kwa heshima lakini lazima tuifikie. Msiseme UKAWA haikuwa na karatasi, maana ndilo linaloniuma. Ilikuwa nayo! Ilizaliwa ndani ya Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014 kuitetea rasimu ya Tume ya Warioba: serikali tatu, tunu za taifa, maadili ya viongozi. Karatasi bora kuliko ya Riazor, imekusanya maoni nchi nzima. Walitoka ukumbini kwa ajili yake, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi, na NLD nayo ikaingia kwenye muungano. Ilipofika Julai na Agosti 2015 mgombea akapatikana, Edward Lowassa, mtu aliyekuwa upande ule mwingine wa ukumbi ule, na tangu siku hiyo nani alikuuliza tena habari ya rasimu? Fulana zikachapwa. Kura zilikuwa nyingi, sikatai, mimi siyo mtu wa kudharau kura milioni sita. Lakini baada ya Oktoba muungano haukuwa na mwanachama hata mmoja. Kulikuwa na wanachama wa CHADEMA na wanachama wa CUF. Mwanachama wa UKAWA hakuwahi kuzaliwa. CUF ilipopasuka, hakukuwa na mtu wa kubaki, kwa sababu hakukuwa na nyumba ya kubakia. Wakenya msicheke sana, makubaliano ya muungano wenu wa NARC ya 2002 tunayakumbuka pia.

"Unalinganisha usivyolinganisha. Chama cha jimbo moja? Huo ni ukabila." Hapa mpingaji wangu ana hoja, na ana sheria. Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania inakataza kuandikishwa chama kinachopigania maslahi ya kabila, ya mahali watu watokeapo, au kinachokusudia kufanya siasa katika sehemu moja tu ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya vyama inadai wanachama 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua kumi, ikiwamo Unguja na Pemba. Kenya nao Katiba yao ya 2010, ibara ya 91, inakataza chama cha misingi ya lugha au eneo. BNG ikipeleka fomu kwa Msajili wetu itarudishiwa kabla wino haujakauka. Na sababu za kuwekwa sheria hizo tunazijua, majirani wametuonyesha. Sijasema zifutwe. Nasema tu kwamba sheria inayozuia chama cha jimbo haizuii chama chenye kanuni, na hilo la pili ndilo tulilolikosa wenyewe, bila kukatazwa na mtu. Ila Mzanzibari akisoma kanuni ile ya kujipanga kwa nguvu zako mwenyewe, kisha akatazama vikao vya mwisho vya majina hukaa wapi, mwacheni acheke peke yake.

Na mkitaka fahari, chukueni hii. Kigalicia, pacha wa Kireno, kina sheria yake tangu 1983, majina rasmi ya miji ni ya Kigalicia pekee, lakini agizo la serikali yao la 2010 linataka hisabati na fizikia sekondari zifundishwe kwa Kihispania. BNG wanalipigia kelele mpaka leo. Kiswahili chetu kinatunga sheria, kinahutubia Umoja wa Afrika, hakimwombi mtu radhi. Nilitaka kujivuna zaidi, nikakumbuka hisabati ya sekondari kwetu inafundishwa kwa lugha gani. Basi. Tuendelee.

Sitaki mdhani nimewapaka asali. Ule mkutano wa kura moja kwa kila kadi una ugonjwa wake: anashinda anayejaza ukumbi. Kundi lililojipanga, lenye watu wanaoamka mapema na kukaa mpaka kura ya mwisho usiku, humshinda mwanachama wa kawaida mwenye mtoto mgonjwa. UPG imelaumiwa kwa hilo miaka yote, kwamba Bloque ni koti na wao ndio mwili. Januari 2012, kwenye mkutano wa Amio, Santiago, maelfu walipiga kura, upande wa Beiras ukashindwa, naye akaondoka, akaanzisha chama kingine. Oktoba mwaka huo BNG ilishuka kutoka viti 12 hadi 7, na muungano mpya wa Beiras ukapata 9. Kumbe karatasi hazizuii ugomvi. Kabla ya hapo, 2005 hadi 2009, waliingia serikalini kama mshirika mdogo wa wasoshalisti, Anxo Quintana akiwa makamu wa rais wa Galicia, wakatolewa baada ya muhula mmoja. Hawajawahi kuiongoza Galicia mpaka leo. Anayetaka kuniambia "mbona hawajashika dola" nampa jibu lake bure: ni kweli, hawajashika. Lakini baada ya Amio nyumba ilikuwa bado na msingi wa kujengea, na ndiyo iliyotoka viti 6 mpaka 25. Ule muungano uliowashinda 2012 kwa viti 9 haupo tena.

Linabaki lile la mwisho, lile la kila siku: "Umeondoka, nyamaza." Wimbo wa taifa wa Galicia ulipigwa kwa mara ya kwanza Havana, Desemba 1907, na wahamiaji. Castelao, ambaye wazalendo hawa wote humwita baba, aliandika na kufia uhamishoni Buenos Aires, 1950. Mifupa yake ilirudishwa 1984. Na mwaka 2005, usiku wa uchaguzi wa Juni 19, PP ilikuwa na viti 37, ikihitaji 38. Kiti kimoja cha Pontevedra kilikuwa kinaning'inia kwenye kura za walio nje. Galicia nzima ilisubiri zaidi ya wiki moja mpaka bahasha kutoka Argentina, Venezuela na Uswisi zihesabiwe. Kiti hakikuhama, serikali ikabadilika. Watanzania tulio nje hatuna bahasha ya namna hiyo, na pasipoti ya pili ukiichukua unapoteza ya kwanza.

Ila msidhani BNG walizishangilia zile bahasha. Waliongoza kulalamika kwamba kwenye daftari la wapiga kura wa nje kulikuwa na marehemu wanaopiga kura. Mwaka 2011 Hispania ikabadilisha utaratibu, kila aliye nje akatakiwa kwanza aombe kupiga kura, wapigaji wakapukutika mpaka sheria hiyo ikafutwa 2022. Sasa bahasha zinatumwa tena bila kuombwa.